Alama Zinazosomeka Kabla ya Kompyuta Kuzigusa

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anaandika tangazo katika kundi la WhatsApp:

*TANGAZO LA KIKAO*

Siku: Jumamosi
Saa: 10 jioni
Mahali: kwa Mzee Salum

- Kila mjumbe aje na daftari lake.
- Wenye marejesho ya mwezi uliopita wayalete _siku hiyohiyo_.

Kwenye simu za wajumbe wengi vinyota havionekani kabisa: kichwa kinatokea kwa herufi nzito, na maneno yaliyofungwa kwa vistari vya chini yanatokea kwa herufi za mlazo. Mjumbe mmoja, hata hivyo, anatumia kitochi kisicho na WhatsApp, hivyo katibu ananakili tangazo na kumtumia kwa ujumbe mfupi wa kawaida, na huko vinyota na vistari vinafika kama vilivyoandikwa. Mjumbe huyo hapati shida yoyote. Anaona kwamba mstari wa kwanza ni kichwa, anaona mambo mawili yameorodheshwa, na anaelewa kwamba "siku hiyohiyo" imetiliwa mkazo, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha kanuni za alama hizo.

Katibu huyo angeliandika tangazo lake kwa HTML, ambayo ndiyo hujenga kurasa za wavuti, mstari wa kwanza ungekuwa <strong>TANGAZO LA KIKAO</strong>, na kila jambo katika orodha lingefunguliwa kwa <li> na kufungwa kwa </li>. Kompyuta ingeuelewa ujumbe huo bila utata wowote, lakini mwenye kitochi angedhani umeharibika njiani. Ni nini basi kinachofanya alama za mpangilio zilizoandikwa ndani ya maandishi zisomeke na binadamu? (Nimekwepa kwa makusudi kuziita "lugha ya alama", kwa sababu jina hilo lina wenyewe: ni lugha ya viziwi.) Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba alama chache ni bora kuliko alama nyingi. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Alama hupimwa kwa kuangalia kama inaendelea kufanya kazi yake machoni pa msomaji pale ambapo hakuna programu iliyoitafsiri, na kwa kawaida huupata uwezo huo kwa kufanana na jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya kwa mkono kabla ya kompyuta.

Maandishi matupu ni yale ambayo faili yake haina kitu kingine ila herufi, tarakimu, alama za uandishi, nafasi na miisho ya mistari. Hakuna rangi, hakuna ukubwa wa herufi, hakuna unene wala mlazo. Faili ya namna hiyo hufunguka katika karibu kila kifaa, na bado itafunguka wakati programu iliyoiandika imekwisha kusahaulika. Hata hivyo faida hiyo ina gharama yake: kwa kuwa hakuna pa kuyaficha maelezo ya mpangilio, maelezo hayo lazima yaandikwe kwa herufi zilezile zinazobeba maneno, na msomaji hana budi kuyapita kila anapoyakuta.

Waliotangulia walilitatua jambo hili kwa kuyatenga maelezo na sentensi. Mwaka 1964, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Jerome Saltzer alitengeneza programu ya kupanga maandishi iliyoitwa RUNOFF, ambayo maagizo yake yaliandikwa kila moja katika mstari wake na kuanza kwa nukta. Aliyeisoma faili ghafi alikutana na mistari mifupi ya maagizo, akairuka, akaendelea na aya yake iliyokuwa nzima bila kukatizwa. Baadaye likaja wazo jingine, lenye nguvu zaidi kwa upande wa mashine. Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walianzisha kanuni ya alama za mpangilio iitwayo GML, iliyozaa nyingine iitwayo SGML, nayo ikafanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1986 kwa namba ISO 8879. Tim Berners-Lee alipobuni HTML akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, aliazima umbo lake kutoka huko. Wazo lenyewe lilikuwa kwamba mwandishi aeleze kila kipande cha maandishi ni kitu gani, kama ni kichwa, aya au nukuu, badala ya kueleza kionekane vipi. Ni wazo zuri na sina ugomvi nalo. Tatizo lake ni uzito. Neno "muhimu" lina herufi 6, lakini ukiliandika <strong>muhimu</strong> limefikisha alama 23, na 17 kati ya hizo si neno lenyewe. Msomaji wa Kiswahili anabeba na mzigo wa ziada, kwa sababu katikati ya sentensi yake kumeingia neno la Kiingereza ambalo hakuliomba. Kinyota hakina lugha. Anayesoma Kiswahili, Kiarabu au Kifaransa hukutana nacho kwa namna moja, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya alama za aina hii kuenea upesi hata kwa watu ambao hawajawahi kusikia majina ya kanuni zake.

Kanuni iliyojulikana kuliko zote ni Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004 pamoja na programu ndogo ya kuigeuza kuwa HTML, huku Aaron Swartz akiwa amechangia katika kuzisanifu alama zake. Gruber aliuweka usomekaji mbele ya mambo mengine yote: alitaka hati iweze kuchapishwa jinsi ilivyo, kama maandishi matupu, bila kuonekana kwamba imejazwa maagizo. Alikiri kwamba chanzo kikuu cha alama zake kilikuwa barua pepe. Watu walioandikiana barua pepe zisizo na herufi nzito walikuwa wameshajitungia njia zao za kutia mkazo kwa vinyota, kuorodhesha kwa vistari, na kuonyesha maneno ya mwenzao kwa alama ya > mwanzoni mwa mstari. Kazi yake ilikuwa kuzikusanya desturi hizo na kuzipa kanuni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Angalia barua rasmi ya Kiswahili iliyopigwa kwa taipureta. Baada ya salamu kuna mstari unaosema YAH: MAOMBI YA KAZI, kwa herufi kubwa, umepigiwa mstari chini, na kuna nafasi juu na chini yake, Kenya wangeandika KUH: badala ya YAH:. Taipureta haikuwa na herufi nzito, lakini hakuna karani aliyekosa kuona kichwa cha barua kiko wapi. Vivyo hivyo, katika miswada iliyopelekwa kwa wachapaji, neno lililopigiwa mstari lilimwambia mpanga herufi aliweke kwa mlazo. Sasa tazama jinsi Markdown inavyoruhusu kichwa kuandikwa:

Maombi ya kazi
==============

Huo ni mstari uleule wa taipureta. Namna hii haikuvumbuliwa na Gruber. Ilikuwamo katika kanuni iliyoitwa Setext mwanzoni mwa miaka ya 1990. Linganisha na Textile, kanuni ya Dean Allen iliyotangulia Markdown kwa muda mfupi, ambamo kichwa huanza kwa "h1." na nukuu ndefu huanza kwa "bq." Alama hizi ni fupi sana, kwa hiyo kama uchache ndio ungekuwa kipimo, Textile ingeshinda. Lakini "bq." haifanani na chochote. Asiyeambiwa maana yake ataidhani kuwa kosa la uchapaji, ilhali mstari wa alama za usawa chini ya maneno hauhitaji maelezo.

Vipi basi kuhusu alama ya reli, yaani #, ambayo leo ndiyo hutumiwa zaidi kwa vichwa? Kwa maoni yangu reli haifanani na kichwa hata kidogo, na aliyeiona kwa mara ya kwanza lazima aambiwe. Imeshinda kwa sababu nyingine: haina haja ya kurefushwa au kufupishwa kila kichwa kinapobadilika, na inaweza kurudiwa hadi mara 6 ili kuonyesha vichwa vidogo, wakati mistari ya chini inatoa ngazi mbili tu. Inavumilika kwa msomaji kwa sababu inakaa ukingoni mwa mstari na haigusi maneno. Tena kwa sikio ina ubora ambao jicho haliujui. Mtu asiyeona, anayesomewa faili na kisoma skrini, husikia reli kwanza na kujua kwamba kinachofuata ni kichwa, ilhali mstari wa chini humfikia maneno yakiwa yamekwisha kupita.

Mahali alama inapokaa kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Alama iliyo mwanzoni mwa mstari haimchoshi msomaji, kwa sababu jicho huipokea kabla ya kuingia katika sentensi. Mstari mtupu kati ya aya mbili ni bora zaidi: ni alama isiyotumia hata herufi moja, na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote katika ukurasa. Alama iliyo katikati ya sentensi, kwa upande mwingine, inakatiza mawazo, kwa hiyo lazima iwe ndogo sana. Kinyota kimoja kila upande kinapita. Kiungo cha wavuti hakipiti kwa urahisi hivyo:

Magofu ya [Kilwa Kisiwani](https://whc.unesco.org/en/list/144) yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Anwani hiyo ni fupi ukilinganisha na nyingi tunazozinakili kila siku, lakini tayari kiima kimetengana na kitenzi chake, na msomaji anapofika kwenye "yaliingizwa" inambidi akumbuke ni nini kilichoingizwa. Markdown inatoa njia ya pili, ambayo wachache huitumia:

Magofu ya [Kilwa Kisiwani][1] yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Anwani yenyewe huandikwa chini ya hati, baada ya [1] na nukta pacha. Kompyuta haioni tofauti yoyote kati ya njia hizi mbili. Msomaji anaiona mara moja, kwa kuwa njia ya pili inafuata desturi ya tanbihi aliyoizoea vitabuni.

Kuna alama ambazo ni mbaya kwa sababu ya kinyume kabisa: hazionekani. Nitatoa mfano wa ubeti wa utenzi, nilioutunga kwa ajili hii tu.

Nimeketi kuandika
Kalamu nimeishika
Na wino umemwagika
Karatasi imeloa

Kila anayejua utenzi anaona vipande vinne vyenye mizani nane nane, vitatu vya kwanza vikifungwa kwa kina kimoja na cha nne kikiachana navyo. Ukiuandika hivyo katika Markdown na kuugeuza kuwa ukurasa wa wavuti, unapata mstari mmoja mrefu: "Nimeketi kuandika Kalamu nimeishika Na wino umemwagika Karatasi imeloa". Kanuni inachukulia kwamba mistari isiyotenganishwa na mstari mtupu ni aya moja, jambo ambalo ni sahihi kwa nathari na ni msiba kwa ushairi. Ili kuuokoa ubeti, Gruber aliagiza mwandishi aweke nafasi mbili au zaidi mwishoni mwa kila kipande. Nafasi hizo hakuna azionaye. Mhariri anayeisafisha faili anaweza kuzifuta bila kujua, na programu nyingi za kuandikia huzifuta zenyewe zikidhani ni uchafu. Hapa Markdown ilivunja ahadi yake yenyewe: macho ya msomaji yanaona beti, na kompyuta inaona aya, wala hakuna kitu ukurasani kinachoonyesha kwamba wawili hao wamehitilafiana. CommonMark, nitakayoieleza hivi punde, iliruhusu mkwaju uliogeukia nyuma, yaani \, uwekwe mwishoni mwa mstari, ambao walau unaonekana. Lakini suluhisho ninalolipenda ni la reStructuredText, kanuni inayotumiwa katika nyaraka za Python, lugha ya kuandikia programu, ambamo kila mshororo hutanguliwa na mstari wima:

| Nimeketi kuandika
| Kalamu nimeishika
| Na wino umemwagika
| Karatasi imeloa

Alama iko ukingoni, inaonekana, haigusi maneno, na hata asiyeijua kanuni anahisi kwamba mistari hiyo imeshikiliwa pamoja kama kwa fremu.

Majedwali sitayazungumzia kwa kirefu. Mistari wima inaweza kutenganisha safu za jedwali, na mwandishi mwenye subira akizipanga kwa nafasi, jedwali linasomeka vizuri hata likiwa ghafi. Asipozipanga, kompyuta inatoa jedwali lilelile safi huku faili ikiwa vurugu tupu. Hata huyo mwenye subira, kazi yake huharibika likifunguliwa kwa herufi zisizo na upana sawa, kama zilivyo za simu nyingi. Orodha za namba nazo zina mtego wa kufanana na huo. Markdown haijali namba ulizoandika baada ya ile ya kwanza, hivyo mwandishi mvivu anaweza kuandika 1, 1, 1 na ukurasa ukaonyesha 1, 2, 3. Faili ghafi inakuwa imesema uongo, na kanuni haimzuii. Usomekaji basi si sifa ya kanuni peke yake. Kanuni inaupa nafasi tu, na mwandishi ndiye anayeamua kuitumia.

Ni lazima sasa kueleza gharama ya haya yote, kwa sababu ipo na ni kubwa. Kinyota kinasomeka kwa kuwa ni alama ya kawaida ambayo watu wameizoea, na kwa sababu hiyohiyo watu wanaitumia kwa mambo mengine. Chukua msimbo *150*00#, ambao Watanzania huupiga ili kufungua huduma ya fedha kwa simu, na ambao husomwa kwa sauti "nyota mia moja na hamsini, nyota sifuri sifuri, reli". Ukiuandika ndani ya sentensi ya Markdown bila tahadhari, kompyuta inadhani vinyota viwili vimekusudiwa kutia mkazo. Inaviondoa, inailaza 150, na msomaji anabaki na 15000#. Hakuna onyo lolote linalotokea. Ukurasa unaonekana nadhifu, na maelekezo yaliyomo hayafanyi kazi.

Jina la faili lililoandikwa ripoti_ya_mwezi.txt lilipatwa na mkasa huohuo katika programu ya kwanza ya Gruber: vistari vya chini viliondolewa na "ya" ikalazwa. Aya iliyoanza kwa mwaka na nukta, kama "1961. Ndio mwaka Tanganyika ilipopata uhuru", iligeuzwa kuwa orodha yenye jambo moja, na kwa kuwa programu hiyo ilianza kila orodha kwa 1, mwaka wenyewe ulipotea. Dawa ni kutanguliza mkwaju uliogeukia nyuma kabla ya alama unayotaka ibaki kama ilivyo, lakini kila mkwaju unaouweka unapunguza ule usomekaji uliokufanya uichague Markdown. Ukiandika \*150\*00# msomaji wa faili ghafi anaweza kupiga mikwaju pamoja na namba.

HTML haina taabu za namna hii kwa kiasi hicho, kwa sababu mabano ya pembe ni nadra katika maandishi ya kawaida. Ndiyo biashara yenyewe ilivyo: kadiri alama inavyofanana na uandishi wa kila siku, ndivyo jicho linavyoipokea kwa urahisi na ndivyo kompyuta inavyozidi kukisia. Gruber alizieleza kanuni zake kwa nathari, pamoja na programu yake, na maelezo hayo yaliacha maswali mengi bila majibu. Kila aliyetengeneza programu yake ya Markdown alijibu maswali hayo kivyake, hadi faili moja ikawa inatoa sura tofauti mahali tofauti. Mwaka 2014 kundi lililowajumuisha John MacFarlane na Jeff Atwood lilitoa maelezo makali ya kanuni hizo. Gruber alikataa yaitwe Markdown Sanifu, yakaitwa CommonMark. Maelezo hayo yana mifano zaidi ya 600, na sehemu inayohusu kutia mkazo peke yake inawashinda wasomaji wengi. Yanakubali vistari vya chini vilivyo katikati ya neno vibaki kama vilivyo, kwa hiyo ripoti_ya_mwezi.txt sasa iko salama. Vinyota vya katikati ya neno yameviacha vitie mkazo, kwa hiyo *150*00# bado haiko salama. Ule wepesi anaouona msomaji umehamishiwa ugumu wake kwa anayeandika programu, na mimi naona hapo ndipo mahali pake, kwani programu huandikwa mara moja na hati husomwa mara nyingi.

Wikipedia ilifuata njia yake yenyewe, na kwa wanaoandika Kiswahili ina kadhia ya pekee. Humo herufi za mlazo hufungwa kwa ritifaa mbili kila upande na herufi nzito kwa ritifaa tatu. Ritifaa ni alama ndogo, haina kelele, na kwa lugha isiyoitumia ndani ya maneno huenda lilikuwa chaguo la busara. Kiswahili kinaitumia. Mhariri wa makala inayohusu ng'ombe anaandika '''Ng'ombe''' na mambo yanakwenda sawa, kwa kuwa ritifaa ya neno iko peke yake. Lakini mhariri wa makala ya sarufi anayetaka sauti yenyewe ionekane kwa herufi nzito anajikuta akiandika '''ng'''', yaani ritifaa tatu za kufungua na nne mfululizo mwishoni. Programu ya Wikipedia ina kanuni ya kuamua: zikiwa nne, ya kwanza ni ya neno na tatu zilizobaki ni za mpangilio. Mashine haikosei. Anayekosea ni binadamu, kwa sababu jicho halihesabu vitu vinne vinavyofanana vilivyobanana bali huona rundo, na anayehariri baadaye hufuta moja akidhani imezidi.

Wengine hukwepa kwa kuandika ng’ kwa ritifaa iliyopinda, ambayo programu haiichanganyi na ile iliyonyooka. Ukurasa unatoka vizuri na faili ghafi inasomeka tena. Ila anayetafuta "ng'ombe" kwa ritifaa iliyonyooka, kama kibodi yake inavyoiandika, anaweza kuambiwa kwamba neno hilo halimo katika hati, na huku analiona mbele ya macho yake.